Johnstone wa Kwenye Chupa

Rael Jeruto aliingia maabara kwa sababu ya soksi nyeupe. Soksi hazikuwa zake. Zilikuwa za wasichana wa sekondari moja ya harambee iliyoko njia ya kwenda Kapseret, ambako yeye alikuwa kibarua wa kupiga deki. Mwalimu Gathogo, aliyefundisha bayolojia, aliwatuma wasichana wakachote maji bwawani kwa Mzee Thuo, jirani wa shule. Wasichana walifika ukingoni, wakaangalia tope, wakaangalia soksi zao, wakarudi na ndoo ya maji ya mfereji. Mwalimu aliweka tone moja chini ya hadubini, akatazama kwa jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto, asione kitu.

"Hiyo si ya bwawa," Rael akasema kutoka mlangoni, hali hakuna aliyemuuliza. "Ya bwawa iko na harufu. Hawa watoto wamekudanganya, Mwalimu."

"Wewe unaweza kuniletea ya bwawa?"

"Kwani bwawa limefungwa na kufuli?"

Alirudi na ndoo imejaa, na ndani yake ule utelezi wa kijani unaoelea kama nywele za mtu aliyezama. Mwalimu Gathogo alifurahi hata akamkaribisha atazame. Rael alifunga jicho lisilofaa, kisha akafunga yote mawili, kisha akaweza. Chini mle kulikuwa na soko zima. Vidude vyenye umbo la ndara za pata pata vilikimbia huku na huku, vikigongana na kurudi nyuma bila kuombana radhi. Kidude kingine cha kijani kilipiga mkia kikaenda zake. Ule utelezi nao uligeuka kuwa mirija myembamba safi, na ndani ya kila mrija utepe wa kijani umejizungusha kama hina mkononi mwa bibi harusi.

"Hivi vyote vilikuwa kwa maji?"

"Vilikuwa."

"Na ng'ombe wanakunywa?"

"Wanakunywa. Na wewe ukiwa mdogo ulikunywa."

Rael aliinua kichwa akafuta mdomo kwa mkono, miaka thelathini baada ya kunywa.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na moja. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja soksi tena. Mwalimu akitaka kitu, Rael alikileta. Alileta ukijani laini unaoota ukutani mwa kanisa upande wa kivuli. Alileta majani ya kangaga yenye vidoa vya kahawia chini, ambavyo wasichana walidhani ni ugonjwa mpaka wakaambiwa ndiyo mbegu za mmea usiojua kutoa maua. Kutoka chini ya mawe ya mto Sosiani alileta minyoo bapa midogo kama ukucha, ambayo ukiikata katikati kila kipande kinajiotesha kilichopungua, na baada ya siku chache unakuta wawili wanatembea. Mwalimu alipowaonyesha wasichana jambo hilo, walishangaa. Rael hakushangaa. Yeye alikuwa amekatwa vipande vingi kuliko hivyo, na alikuwa bado anatembea.

Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Baba yake alisema msichana akijua kusoma ataandikia wanaume barua, kisha akamwoza kwa mwanamume asiyejibu hata akiitwa. Lakini kusikia alisikia. Mwalimu alipofundisha, yeye alikuwa akiosha gilasi nyuma ya darasa, na maneno yalimwingia pamoja na maji. Alijua kwamba kile kidude cha kijani chenye mkia hujipikia chakula kwa mwanga kama mmea, na giza likiingia kinameza cha wenzake kama mnyama. "Huyo namjua," alisema. "Ana duka hapa Langas." Amiba ndiye Rael aliyempenda zaidi, kwa sababu hana umbo la kumwonea mtu haya. Akitaka kwenda mahali anatoa mkono, na mkono ukishafika, mwili wote unaufuata.

Lakini kilichofanya chumba kile kiwe chake hakikutoka mtoni wala bwawani. Kilitoka kwa mumewe.

Johnstone Kipyego alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti, na alipenda nyama iliyoonyeshwa moto kwa mbali tu. Mwaka wa themanini na tatu alianza kukonda. Alikula sahani tatu na bado suruali ikamwanguka. Mama yake alikuja na kikapu cha mayai, akakaa mlangoni na kutangazia majirani kwamba Jeruto anamnyima mwanawe chakula. Wengine walisema ni kurogwa, wakataja aliyeroga, wakamtaja Rael. Yeye akampeleka mgonjwa hospitali. Pale daktari alimpa mume vidonge na mke kazi.

"Mama, mdudu atatoka," daktari alisema. "Lakini wewe utafute kichwa. Mwili ukitoka kichwa kikibaki, anaota tena upya."

Basi Rael Jeruto, mke wa ndoa ya kanisani, alikaa nyuma ya nyumba na karai na vijiti viwili, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, akitafuta kichwa. Mdudu alitoka mrefu kama tepe ya fundi wa nguo, mweupe, vipande juu ya vipande, akijaza karai. Upande mmoja alikuwa mpana, upande wa pili alizidi kuwa mwembamba hata akawa kama uzi, na mwisho wa uzi Rael alikiona kichwa, kidogo kama punje ya wimbi. Kutoka ndani Johnstone aliita, "Jeruto, chai iko wapi?" Hakuuliza kingine.

Rael alimwosha yule mdudu mara saba, akamtia kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku pamoja na maji ya chumvi, akambeba kwenda shule. Mwalimu Gathogo miaka yote alikuwa akifundisha tegu kwa picha. Alifungua mkebe, akafunga, akafungua.

"Kichwa kiko?"

"Kiko."

Mwalimu alitoa kitambaa akafuta miwani, kisha akafuta macho. Mdudu akahamia chupa kubwa yenye dawa isiyoacha kitu kioze, akawekwa rafu ya juu.

Johnstone naye alipona. Alinenepa. Miezi mitatu baadaye koti lilikataa kufunga, akanunua koti jipya, na koti jipya likataka mahali pa kuonekana. Likaonekana hotelini kwa Nasike, karibu na mnada, likinywa chai ya maziwa mchana, kisha likaonekana hapo pia asubuhi. Hakuaga wala hakugombana na mtu, alihama tu kama anayehama kiti. Rael alibaki na watoto watatu na karai. Mara nyingine akiosha chupa za maabara alikuwa akiwaza kwamba mumewe hakuwahi kutulia nyumbani ila wakati wa yule mdudu.

Sasa neno lililoleta balaa.

Mwalimu Gathogo alikuwa na sharti moja: kila kitu kinachoingia maabara lazima ijulikane kimetoka wapi. Yeye mwenyewe aliandika majina ya kisayansi kwenye vikaratasi akabandika. Mwaka wa themanini na saba mvua ilitoboa paa, ikashuka rafuni, na asubuhi vikaratasi vyote vilikuwa sakafuni vimegeuka uji. Mwalimu alikuwa ameitwa semina ya mfumo mpya wa masomo. Hedimasta alimwita Waceke, msichana wa kidato cha pili mwenye mwandiko mzuri, akamwambia aandike vikaratasi vipya, na Mama Kimutai, yaani Rael, amtajie.

Waceke alishika chupa ya kwanza. "Hii?"

"Ya Thuo," Rael akajibu, kwa kuwa ilitoka bwawani kwa Thuo.

Waceke akaandika: Thuo.

"Na hii?"

"Ya Sosiani."

Lilisikika kama jina la kisayansi kabisa. Waceke akaandika: Sosiani. Ule ukijani wa ukutani akauandika Kanisa. Mwisho akanyoosha mikono akateremsha ile chupa kubwa.

"Na huyu mrefu?"

"Wa Johnstone," Rael akasema.

Mwalimu aliporudi alicheka hata akaketi. Aliahidi kuandika upya akipata karatasi za gundi, na karatasi za gundi hazikupatikana. Darasani aliwafundisha wasichana majina ya mtihani, lakini wao walishikilia yale ya chupani. Walisema kila mdudu, kama mtu yeyote, ana jina la ubatizo na jina la nyumbani.

Rael angeweza kusahihisha. Ilihitaji neno moja tu. Badala yake alimwita Waceke faraghani na kumwuliza, "Nionyeshe hapo umeandika Johnstone." Akaonyeshwa. Kila siku akipanguza vumbi aliitazama ile karatasi, herufi baada ya herufi, mpaka akaijua kama anavyojua mlango wake. Likawa neno la kwanza alilojua kusoma maishani, na kwa mwaka mzima likawa ndilo pekee.

Mwaka uliofuata Hedimasta alimwita ofisini. Alimkaribisha kiti, na Rael akajua mambo ni mabaya.

"Mama Kimutai, mwakani ni mtihani wa kwanza wa mfumo mpya. Wasichana watafanya mtihani wa maabara hapa hapa. Tumeambiwa maabara lazima iwe na mtu wa kudumu."

"Si mimi niko? Miaka saba niko."

"Uko kama kibarua. Wanataka mtu mwenye cheti." Hedimasta akapanga kalamu zake mezani. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Bodi itafuata atakayosema yeye. Lakini kuna jina limeshaletwa. Priscah. Msichana mzuri, ana cheti cha kidato cha nne."

"Priscah wa wapi?"

"Ni mdogo wake... ni mdogo wake Nasike."

"Na jina limeletwa na nani?"

Hedimasta aliangalia dirishani, na nje hakukuwa na kitu. "Na mjumbe mpya wa bodi. Bwana Johnstone."

Mwaka huo kila jambo lilikuwa likichaguliwa kwa kupiga foleni nyuma ya mtu unayemtaka. Mstari wa Johnstone ulikuwa mfupi, lakini ulihesabiwa ukawa mrefu. Sasa alikuwa na beji kifuani na sehemu ya kutia sahihi. Mtu ambaye kwa miaka mitano hakuleta nyumbani hata pakiti ya chumvi, alikuwa amepata njia ya kuchukua hata ile chumvi aliyoinunua mwenyewe Rael. Kazi ile ndiyo iliyokuwa unga wa watoto. Tena ndiyo mahali pekee duniani ambapo watu walimuuliza Rael jambo na kungoja ajibu.

Alhamisi ilifika. Mkaguzi, Bwana Gichuru, alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kalamu nne mfukoni. Wanabodi waliketi kwenye vigoda virefu vya maabara, miguu ikining'inia kama ya watoto. Mzee Thuo, mwenyekiti, aliketi mbele na kofia yake magotini. Johnstone alisimama nyuma ili koti lisikunjike. Wasichana wachache walisimama ukutani pamoja na Hedimasta na Mwalimu Gathogo. Priscah alikuwa amevaa koti jeupe jipya lenye mikunjo ya dukani. Rael alivaa aproni yake ya deki, maana hakuwa na nyingine. Hakumtazama Johnstone, lakini alinusa mafuta yake ya nywele.

"Msichana," Mkaguzi akamwambia Priscah, "nitengenezee slaidi ya maji ya bwawa."

Priscah alidondosha tone kwenye kioo, akaangusha kile kioo kidogo cha juu, pwa, akarudi nyuma.

"Nani angependa kutazama?"

Johnstone alikwisha kufika. Aliinama, akabandika uso wote kwenye hadubini. "Ah," akasema. "Nawaona. Wako wengi. Wana miguu mirefu nyeusi, na wanaipepesa."

"Hebu pepesa jicho, Bwana Mjumbe," Mkaguzi akasema.

"Wamepepesa tena."

"Hizo ni kope zako."

Mzee Thuo alishikwa na kikohozi. Mkaguzi alitazama mwenyewe, akamgeukia Priscah. "Nini hivi viduara?"

"Amiba, sir," Priscah akajibu, kwa sauti ya mtu aliyekesha na kitabu.

"Na wewe, mama? Njoo utazame."

Rael alifuta mikono akainama. Hakukaa sana. "Hiyo ni hewa, mzee. Ameangusha kioo kama mtu anafunika sufuria, hewa ikaingia chini. Kioo kinalazwa kwa upande, polepole, kama unalaza mtoto. Amiba haina ukingo mweusi hivyo. Tena haikai duara kama inangoja kupigwa picha."

"Inakaaje?"

"Haikai. Inajinyoosha mkono, inajivuta, mkono unageuka kuwa yeye."

Mkaguzi aliandika kitu. Rael aliona kalamu ikitembea, na moyo wake ukaanza kutembea nayo. Kama wangeishia hapo, mambo yangekuwa mazuri. Lakini Mkaguzi aliinua macho kwenye rafu. "Na hizi chupa? Mwanafunzi mmoja anitajie."

Mwalimu Gathogo alifunga macho. Kwa bahati mbaya, aliyekuwa karibu ni Waceke. Mbele ya makoti yale yote majina ya ubatizo yalimkimbia akabaki na ya nyumbani.

"Hii ni Thuo, sir."

Mwenyekiti akainua kichwa.

"Thuo ni kijani, sir, na anateleza. Hana mizizi, hana shina, hana majani. Anakaa tu juu ya maji akiota jua."

"Bwawa ni langu," Mzee Thuo akasema taratibu, kama mtu anayejaribu kuelewa alichoshtakiwa. "Hiyo ni kweli."

"Endelea," Mkaguzi akasema.

"Hii ni Kanisa, sir. Kanisa halina mizizi ya kweli, limejishikilia tu. Linapenda kivuli, na bila maji haliwezi kuzaa."

Mama mmoja wa bodi, mke wa mchungaji, alifungua mkoba akaufunga.

"Na ile kubwa?"

"Huyu ni Johnstone, sir."

Nyuma ya chumba Johnstone alisikia jina lake. Alidhani wakati wake wa kusalimia umefika. Alivuta koti, akasogea mbele akiwapungia mkono. "Asante sana," akaanza. "Mwenyekiti, Bwana Mkaguzi..."

Waceke naye alikuwa ameanza, na mtoto aliyekariri kitu akishaanza hasimamishwi. "Johnstone hana mdomo wala tumbo, sir. Anakaa ndani ya mtu na kufyonza chakula ambacho mwingine amekitafuna. Hafanyi kazi yoyote. Kichwa chake ni kidogo sana, mwili wote ni wa kujaza nafasi. Hawezi kukamilisha maisha yake mahali pamoja, lazima awe na makao mawili. Akiondolewa, yule mtu aliyekuwa akikaliwa hupata nafuu."

Johnstone alikuwa amesimama kando ya chupa, mkono bado hewani, yeye na jina lake wametazamana. Kigoda kimoja kililia, halafu kingine, na Rael akaona mabega ya mke wa mchungaji yakitetemeka.

"Hii ni matusi," Johnstone akasema, akishusha mkono. "Ni matusi kwa mjumbe wa bodi, mbele ya serikali. Nataka kujua nani ameandika. Kama ni mtoto, aende nyumbani leo. Kama ni huyu Jeruto, nyinyi nyote mnajua ni kwa nini. Huyu mwanamke ana uchungu na mimi."

Waceke alianza kulia. Hedimasta alimtazama Rael kwa macho ya mtu anayefunga faili.

"Mama," Mkaguzi akasema, "nani alimpa mdudu huyu jina la Bwana Mjumbe?"

Rael alifikiria kusema hajui. Alifikiria kuomba msamaha, kama alivyomwomba mama mkwe akiwa hana kosa, na kama alivyomwomba mzee wa kanisa alipoachwa. Kisha akamtazama Waceke akifuta makamasi kwa mkono wa sweta.

"Mtoto hana makosa. Mimi nilimtajia. Na si jina, mzee. Mwalimu alituambia tukumbuke mahali kila kitu kimetoka. Hii imetoka kwa Thuo. Hii imetoka kwa kanisa. Hiyo imetoka kwa Johnstone."

"Nyumbani kwake?"

"Ndani zaidi."

Mkaguzi aliweka kalamu chini.

"Uongo," Johnstone akasema. "Mimi sijawahi kuwa na minyoo."

"Ulikuwa nayo, Baba Kimutai. Ulikula sahani tatu na ukawa kama fito. Nani alikaa nyuma ya nyumba na karai, kutoka saa mbili mpaka saa sita, na vijiti viwili, akitafuta kichwa? Nasike?"

Priscah alisogea hatua mbili mbali na shemeji yake. Pengine alifanya hivyo bila kujua.

Lakini Bwana Gichuru alikuwa ameacha kusikia mambo ya watu. Alisimama kwa vidole vya miguu, akateremsha chupa mwenyewe, akaiweka mwangani.

"Kichwa kiko?"

"Kiko," Rael na Mwalimu Gathogo wakasema pamoja.

Mkaguzi alitoa kioo cha kukuzia mfukoni. Chumba kizima kilingoja. "Vinyonyeo vinne," akanong'ona. "Hana ndoano. Huyu ni yule wa ng'ombe, yule wa nguruwe ndiye mwenye ndoano." Akamgeukia Johnstone kwa heshima ya kweli. "Bwana, wewe unakula nyama haijaiva?"

"Pale mnadani," Mzee Thuo akamjibia, "anaila bado inalia."

Hapo walicheka wote, hata Hedimasta, ambaye kwa kawaida alicheka siku za sherehe za taifa pekee. Mkaguzi hakucheka.

"Nimekagua shule nyingi mwaka huu," akasema. "Zile kubwa za mjini, zenye vioo madirishani, wana picha. Mbili wana mwili bila kichwa. Hakuna shule ya harambee niliyoona ikiwa na mdudu mzima, kutoka kichwa mpaka kipande cha mwisho." Akampa Johnstone mkono. "Nakushukuru. Kumbe ulichangia shule hii hata kabla ya kuingia bodi."

"Iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano," Mzee Thuo akasema. "Mchango ni mchango."

Kisha Mkaguzi aliandika ukurasa mzima. Alisema maabara inafaa kwa mtihani. Alisema mtu anayetofautisha hewa na amiba asiondolewe ili apewe nafasi yule asiyetofautisha, na cheti kinaweza kungoja. Na alisema ile karatasi ya chupani haikubaliki kabisa.

Johnstone alivuta pumzi.

"Karatasi ya kisayansi ina utaratibu," Mkaguzi akaendelea. "Jina la kiumbe kwa Kilatini. Mahali kilipopatikana, kwa ukamilifu. Jina la aliyekikusanya. Na mwaka. Mwalimu, andika sasa, nikiona."

Mwalimu Gathogo akaandika kwa mwandiko mkubwa, huku karatasi ya gundi ikitoka kwenye mkoba wa Mkaguzi mwenyewe. Jina la Kilatini juu. Chini yake: kimepatikana kwa Johnstone Kipyego, wa Kapseret. Chini kabisa: kimekusanywa na Rael Jeruto, 1983.

Barua ya kazi ilichukua wiki tatu. Wanabodi wote walitia sahihi mapema, isipokuwa mmoja, na bila ya huyo mmoja barua haikuwa barua. Rael aliendelea na deki, akaendelea na ndoo, na hakumwuliza mtu. Wakati huo jina la chupani lilikuwa limefika mnadani. Inasemekana mtu akipandisha bei kule, walio nyuma walikuwa wakimwuliza dalali kama kichwa kiko.

Jumatatu moja asubuhi, wasichana wakiwa gwarideni, Johnstone aliingia maabara na kufunga mlango. Mkononi alikuwa na bahasha. Koti halikuwepo.

"Mama Kimutai," akasema. Kwa miaka mitano hakuwa amemwita hivyo. "Habari ya watoto?"

"Wanakula."

"Nimesikia Kimutai amekuwa mrefu."

"Amefanana na mjomba wake."

Johnstone aliangalia rafuni, akaangalia chini. "Hii barua iko hapa na mimi. Nilikuwa na shughuli. Sasa nilikuwa nafikiria, ile karatasi... mtu anaweza kuandika tu, 'mtu wa Kapseret.' Kapseret kuna watu wengi."

Rael aliendelea kupanguza meza. "Umesaini?"

"Nataka kwanza tuelewane."

"Mimi sijasoma, Baba Kimutai. Kuelewana kwangu ni kidogo. Naelewa iliyosainiwa na isiyosainiwa."

Kengele ililia, na miguu ya wasichana ikasikika kwenye kokoto, ikija. Johnstone alisikiliza ile miguu. Alitoa kalamu, akaegemeza barua juu ya meza yenye maji, akatia sahihi haraka, akasukuma karatasi kwake.

Rael aliichukua akaipeleka rafuni. Akaweka kidole kwenye sahihi chini ya barua, kidole kingine kwenye jina la Johnstone chupani, akaenda nayo herufi baada ya herufi, polepole, hadi akafika mwisho. Yalikuwa sawasawa. Halafu akashusha kidole mstari mmoja chini kwenye chupa, akakaa hapo kidogo, maana hilo la Rael alikuwa bado anajifunza.

"Iko sawa," akasema. "Hii jina naijua." Akaikunja barua akaitia kifuani.

"Sasa utaitoa?"

"Nini?"

"Jina langu. Kwa chupa."

"Ah, hiyo." Rael aliokota ndoo yake. "Hiyo imeshaingia kumbukumbu, Bwana Mjumbe. Ni mali ya shule. Labda uandikie bodi."

Mlango ukafunguliwa, wasichana wakaingia, wa kwanza akiwa Waceke. "Shikamoo, Mzee," wakamwambia Johnstone mmoja mmoja wakipita, kwa adabu kabisa, na kila aliyepita aliinua macho mara moja kwenye rafu ya juu.